Mtu wa Kumchukua Asmi

Watoto wote walikuwa wameshachukuliwa. Alibaki Asmi peke yake, kaketi sakafuni katikati ya ukumbi wa shule na kofia yake nene ya pamba kichwani, kama uyoga uliosahauliwa na wachumaji.

Ilikuwa siku ya mazoezi ya tetemeko. Kengele inalia, watoto wanaingia chini ya madawati, kisha wanapangwa ukumbini darasa kwa darasa, na hatoki mtu mpaka aje mtu mzima ambaye jina lake liko kwenye kadi. Anataja jina lake, mtoto anaulizwa, "Huyu ni nani?" Akijibu sawasawa, wanaondoka. Kama hukuandikwa, hata uwe unakaa naye ukuta kwa ukuta, unarudi ulikotoka.

Dilsara, mama yake, alikuwa kiwandani anapanga kabichi iliyokatwakatwa kwenye visahani vya plastiki. Ruhusa alikuwa ameomba wiki nzima kabla. Msimamizi alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa vizuri, na Dilsara akaondoka na kile kichwa akidhani kapewa ruhusa. Kumbe kile kichwa maana yake ni "nimekusikia", basi. Siku yenyewe ilipofika msimamizi akamuuliza, "Leo? Mbona hujasema?" Mpaka akaachiwa, mpaka akavua magwanda, mpaka akaipata baiskeli yake kati ya baiskeli mia zinazofanana, wazazi wenzake walishafika nyumbani na watoto wanakunywa maziwa.

Aliingia ukumbini na soksi tu, maana viatu vya kuvalia ndani alivisahau. Soksi ya kulia ilikuwa imetoboka, kidole gumba kinachungulia nje kama kinataka kujua kuna nini. Kwenye nywele alikuwa na uzi wa kabichi.

"Samahani, samahani sana, samahani," alisema, na hicho ndicho Kijapani alichokuwa anakisema bila kosa hata moja.

Mwalimu Kuramoto, msichana mdogo ambaye huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza kufundisha, aliinama, akafungua faili lake. Utaratibu ni utaratibu, hata kama amebaki mtoto mmoja na mama mmoja. "Asmi," akauliza, "huyu ni nani?"

Asmi alimtazama mama yake toka kwenye kabichi mpaka kwenye kidole gumba.

"Simjui," akasema.

Kalamu ya mwalimu ikasimama hewani.

"Asmi!" mama yake akamaka.

"Ni mama," Asmi akasema. "Lakini amechelewa."

Mwalimu akaweka alama yake. Kisha akasema polepole, na Asmi akawa anatafsiri kwa mama yake huku anafungua kamba za ile kofia. Mwalimu anasema alimpigia baba, hakupokea. Ndiyo, Dilsara akajibu, mchana baba yuko mbele ya tanuri la mikate, hasikii kitu. Mwalimu anasema ikabidi ampigie mtu wa tatu kwenye kadi. Akapokea mwanamume. Mkarimu sana. Akaongea kwa muda mrefu.

"Alisemaje?" Dilsara aliuliza.

"Hatukuelewana," alisema mwalimu. "Ila alikuwa na jogoo."

Makamu wa mkuu wa shule, aliyekuwa anakusanya vibao vya majina, alisogea akaichungulia kadi. "Bwana Purna," akasoma. "Anakaa mbali na shule?"

Dilsara alipiga hesabu kichwani: ndege, kisha basi la kutwa nzima, kisha gari la milimani, kisha kupanda kilima kwa miguu. "Mbali kidogo," akasema.

Makamu alicheka kwa adabu, yaani mdomo ulicheka na macho yakabaki kazini. Akatoa kadi mpya, nyeupe, akaishika kwa mikono miwili. Mtu wa tatu, alisema, awe mtu anayeweza kufika kwa miguu. Siku ya tetemeko treni zinasimama, simu zinakatika. Lazima awepo mtu. Jumatatu kadi irudi.

Njiani, Asmi kakaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akasema, "Wanasema baba mkubwa hawezi kuja kwa miguu."

"Baba yako mkubwa ana miguu mizuri tu," Dilsara alisema, na upepo wa mji wa Isesaki, ule ushukao milimani kama una deni na kila mtu, ukamjaa mdomoni.

*

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kadi ya kwanza aliijaza Khim, mume wa Dilsara, na aliijaza kwa heshima zote. Alinawa mikono, akafuta meza, akaandika jina la kaka yake Purna mstari wa kwanza kabisa, juu ya jina lake yeye mwenyewe. Dilsara ndiye aliyemshusha mpaka mstari wa tatu, na hilo tu lilileta ubishi wa siku mbili. Huko kwao, milimani juu ya mji wa Beni, mtoto ni wa nyumba, na nyumba ni ya mkubwa. Purna ndiye aliyemlea Khim tangu baba yao alipofariki. Kuandika mtu baki mahali pa kaka yako aliye hai ni kumtangazia msiba. Na hapo, kwenye ile karatasi, hakuna aliyeuliza kaka anakaa wapi.

Sasa Khim alirudi nyumbani toka mgahawani, mapumziko ya alasiri, kati ya wateja wa mchana na wa usiku, ananuka bizari mpaka kope. Kabla hajavua koti alitoa simu. Zimepigwa simu nyingi, zote kutoka kwao. Akakaa chini. Mtu aliye mbali akiona hivyo, hakai kwa sababu amechoka.

Alipopiga, alipokea shemeji yake, mke wa Purna, na nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi.

"Mtoto mzima?" Shemeji alipiga kelele. "Khim, usinifiche! Mtoto mzima?"

"Mzima. Huyu hapa anakula biskuti."

"Mpe simu aseme kitu!"

"Baba mkubwa yuko wapi?" Asmi alisema kwenye simu, mdomo umejaa, na kule Beni vilio vikageuka vigelegele.

"Shemeji, Kaka yuko wapi?" Khim alichukua simu yake.

"Si ameshaondoka!"

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Kumchukua mtoto!"

Khim alimtazama Dilsara. Dilsara aliitazama kadi nyeupe juu ya meza. Akampigia Purna, ikaita, ikakatika, ikaita tena.

"Khim!" Sauti ya Purna iliingia pamoja na ngurumo ya gari. "Nimefika mji wa Kusma! Gari linatia mafuta. Mwambie huyo mwalimu asifunge shule!"

"Kaka, ngoja."

"Nangoja nini? Mwalimu kapiga mwenyewe. Nilikuwa nalisha kuku. Anaongea kwa upole, vile wanavyoongea watu wenye habari mbaya. Binti wa fundi cherehani, yule anayesoma Kijapani mjini, yuko likizo, nikampa simu. Akawahi maneno ya mwisho tu, akasema, wanasema njoo umchukue mtoto. Sasa mimi nimeandikwa ni mchukuaji, nikae?"

"Una pasipoti, Kaka?"

"Nina cheti cha uraia, na barua ya kata. Na nina samli."

"Samli ya nini?"

"Ya mwalimu! Mtu kakulindia mtoto, unamwendea mikono mitupu?"

Khim alianza kucheka. Alicheka akajishika tumbo, Asmi naye akacheka kwa kumwona baba yake anacheka, na kile kicheko kikafika mahali kikamshinda. Akageukia dirishani. Dilsara akamwondoa Asmi akampeleka chumba cha pili kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

"Kaka," Khim alisema, "lilikuwa zoezi tu. Hakuna tetemeko. Wanajaribu nani atakuja."

Kutoka Kusma ilisikika pampu ya mafuta, na mtu anauza karanga.

"Kwa hiyo ni zoezi."

"Zoezi."

"Watu wamejaa nyumbani kwangu wanalia. Jirani, Mama Tika, kanipa nauli."

"Nisamehe, Kaka. Nilikuandika mimi."

Purna alivuta pumzi. Alipoongea tena hakupiga kelele, na Khim akatamani angepiga. "Mdogo wangu, siku ikiwa si zoezi, mimi nitakuwa hapa hapa Kusma natafuta mafuta. Nifute."

"Nikufute wewe, vipi?"

"Kwa kalamu. Undugu wangu haukai kwenye kadi ya shule. Andika mtu mwenye miguu huko huko uliko. Mna mwaka na nusu huko, hamna mtu?"

"Watu wapo wengi, Kaka. Wamejaa."

"Sikuuliza watu," alisema Purna. "Nimeuliza mtu."

*

Basi wakaanza kutafuta mtu.

Wenzao wa kwao walikuwepo, wengi tu, wanaocheza karata pamoja na kukopeshana masufuria. Lakini karibu wote walikaa mji wa pili, na kila mmoja aliyepigiwa alisema "Niandike! Nitakuja!" kisha akaulizwa atakujaje treni zikisimama, akasema, "Nitatembea. Jioni nitakuwa nimefika." Khim aliwashukuru, akakata simu, hakuandika.

Alimwendea tajiri wake, mwenye mgahawa, ambaye nyumba yake haikuwa mbali na shule. Tajiri naye ni mtu wa kwao, na alikuwa anamwita Khim "mdogo wangu" siku zote isipokuwa siku ya mshahara.

"Mdogo wangu, ni heshima kubwa," tajiri alisema, anajipangusa mikono. "Lakini hebu fikiri. Tetemeko limekuja, mimi nimekimbilia shuleni kwa mwanao. Nani atazima tanuri?"

"Mimi nitazima."

"Aa, basi mimi naona uende wewe shuleni, mimi nizime tanuri." Akacheka, akampiga Khim begani, akamkabidhi gunia la vitunguu.

Ijumaa alasiri, Khim akiwa nyumbani mapumzikoni, Dilsara alimshika Asmi mkono wakashuka ngazi mpaka kwa jirani wa chini, Bibi Ozeki. Walichokijua juu yake ni kidogo: kwamba ni mjane, kwamba asubuhi anafagia mbele ya mlango wake na kuishia penye ufa, hapiti hata unyasi mmoja kuingia upande wa ngazi zao. Na kwamba televisheni yake huwa inaongea mchana kutwa, na yeye haongei.

Bibi alifungua mlango nusu. Asmi alieleza yote: kofia, ukumbi, baba mkubwa, jogoo. Alieleza vizuri mno, mpaka Dilsara akaona haya kwa yale aliyoyaelewa. Bibi Ozeki aliinamisha kichwa upande, akavuta hewa katikati ya meno, sssss, kama mtu aliyeungua kidogo.

"Hilo ni gumu kidogo," alisema. "Ngoja nifikirie."

Akainama. Akaufunga mlango taratibu, usitoe hata mlio.

Dilsara alipanda ngazi mbili mbili. "Baba Asmi! Anafikiria!"

"Kweli?"

"Kasema mwenyewe. Anafikiria!"

Usiku ule Khim aliporudi toka kazini walipasha wali na dengu, wakafungua ule mtungi mdogo wa achari ya kwao ambao hawaufungui ovyo. Wakakaa wakimwongelea Bibi Ozeki kama mtu anavyomwongelea bibi yake: kwamba anaonekana ana moyo, kwamba anafagia vizuri.

Asubuhi Dilsara alikutana naye kwenye visanduku vya barua. Akamwamkia. Bibi Ozeki aliitikia, kisha akaingiza macho ndani ya kisanduku chake akachungulia, akachungulia, mpaka Dilsara akapita. Kisanduku kilikuwa kitupu. Dilsara alikiona.

*

"Mama Asmi," alisema Rosalinda, "mtu wa hapa akikwambia anafikiria, ujue ameshamaliza kufikiria."

Rosalinda ni Mfilipino, alikuja kiwandani hapo nywele zake zikiwa nyeusi zote, na walielewana kwa Kijapani cha kiwandani, nusu maneno nusu mikono. Walikuwa wanakula chakula cha mchana, Jumamosi, kwenye chumba ambacho kila mtu anakula ameangalia simu yake. Ni yeye peke yake aliyekuwa anakula ameangalia watu.

"Si angesema hapana?"

"Ndiyo hapana yenyewe. Ulitaka akupige nayo?" Rosalinda akampa kipande cha yai. "Hebu niambie. Mlipohamia pale, majirani mliwapelekea nini?"

"Nani? Sisi?"

"Nyie."

"Dada, sisi ndio wageni! Tulikuwa tunawasubiri wao."

Rosalinda aliacha kutafuna. "Mliwasubiri?"

"Kwetu mtu akihamia, jirani ndiye anakuja. Analeta moto, analeta mboga, anauliza ukoo. Mwezi wa kwanza kila Jumapili niliamka nikafagia, nikanunua vikombe sita. Nikaweka chai jikoni." Dilsara alilitazama sanduku lake la chakula. "Nikawa naizima, naiwasha. Naizima, naiwasha. Nikasema labda Jumapili huwa wanaenda mahali."

Rosalinda alicheka mpaka akaishika meza, wenye simu wakainua vichwa. Halafu akaacha kucheka ghafla.

"Na wao walikuwa ndani wanawasubiri nyie," alisema. "Huku mgeni ndiye anayebisha hodi. Siku ile ile. Unapita mlango kwa mlango, unasema mimi fulani, nimehamia, naomba mnivumilie. Na taulo mkononi."

"Taulo?"

"Taulo ndogo, imefungwa vizuri. Au sabuni. Hukuambiwa?"

Aliambiwa wapi? Waliambiwa habari ya bima, habari ya kodi, habari ya kitambulisho. Karani wa ofisi ya mji alikuwa na makaratasi ya kila rangi. Habari ya taulo hakuna aliyeisema, maana waijuao hawajui kama kuna asiyeijua.

Usiku Khim alipoelezwa alikataa katakata. "Mama Asmi, unampelekea jirani taulo? Atasema tumemwambia ananuka."

"Basi ndiyo desturi yao."

"Mwaka na nusu umepita! Ni kama kwenda harusini watoto wa maharusi wameshaanza shule."

"Jumatatu kadi inarudi," Dilsara alisema. "Wewe nenda na aibu yako, mimi nitabeba taulo."

*

Jumapili, siku ya Khim ya kupumzika, walishuka wote watatu. Khim kavaa koti lake la harusi. Dilsara kabeba taulo, na juu ya taulo, kwa kuwa mkono wake haukukubali kwenda na kitambaa tu, kila mlango sahani ya sel, ile mikate ya unga wa mchele inayokaangwa duara kama bangili. Alikuwa ameamka alfajiri kuikaanga.

Mlango wa kwanza hapakuwa na mtu, au alikuwepo akanyamaza. Wa pili alifungua kijana mmoja, kichwa tu ndicho kilichotoka. Khim aliinama kwa nguvu, akagonga mita ya umeme.

"Mnahama?" kijana aliuliza, akaipokea taulo kwa wasiwasi.

"Tumehamia," alisema Asmi.

"Lini?"

"Zamani."

Kijana aliwatazama, akaitazama taulo, akasema asante, akasema samahani, akasema asante tena, mlango ukafungwa. Kisha wakamsikia ndani akiuma sel. Hulia kachakacha, ikiwa imekaangwa siku hiyo hiyo.

Kwa Bibi Ozeki Dilsara alibisha mwenyewe. Bibi alipowaona rangi ikamtoka. Alidhani wamekuja kudai lile jibu. Lakini Dilsara alinyoosha taulo kwa mikono miwili, akasema yale maneno aliyofundishwa na Rosalinda, ameyakariri usiku kucha: mimi fulani, nimehamia juu yako, nimechelewa kuja, naomba univumilie.

Bibi Ozeki aliishika ile taulo. Aliigeuza. Akaigeuza tena.

"Siku mliyohamia," alisema hatimaye, na Asmi akawa anatafsiri kwa sauti ndogo, "nilinunua keki za maharage. Ili mkija kujitambulisha nisiwe sina kitu. Nikasubiri. Kesho yake nikasubiri. Tarehe yake ya kuharibika ikakaribia, nikazila, moja kila siku na chai. Nikasema, hawa ni watu wasiopenda kusumbuliwa. Ndiyo maana hata nikifagia siwagusi."

Dilsara alisikia mpaka mwisho. Alitaka kusema habari ya vikombe sita, Kijapani kikamkimbia, akamtazama Asmi, na Asmi naye alikuwa hajui hadithi hiyo. Akasema tu, "Samahani." Safari hii lilikuwa neno tofauti.

Bibi akawakaribisha ndani. Chumba kilikuwa sawa na chao kwa ukubwa, ila kina kiti kimoja. Akawasha jiko, na alipogeuka kuchukua birika walimwona anavyolishika kabati, anavyoishika meza, anavyoushika ukuta. Goti moja halikunjiki.

"Siku ile nilisema nitafikiria," alisema, amewapa mgongo. "Niliona aibu kusema kweli. Mtoto mzuri hivi. Lakini mimi siku ya tetemeko siwezi kwenda kuchukua mtu. Mimi ndiye wa kuchukuliwa."

Akanyoosha kidole ukutani. Mtaa huwapa wazee karatasi ya kubandika: jina, umri, dawa, na mtu atakayekuja kuwatoa. Asmi aliisogelea akaisoma. Hapo penye mtu palikuwa peupe.

"Mwenyekiti wa mtaa ananiuliza kila mwaka," bibi alisema. "Kila mwaka namwambia nafikiria."

Khim hakungoja tafsiri yote. "Mwambie aandike sisi."

Asmi akasema. Bibi Ozeki akainamisha kichwa upande, akavuta hewa katikati ya meno, sssss. Khim na Dilsara wakatazamana. Wameshaijua sasa hiyo sauti.

Lakini bibi alikuwa anatafuta kalamu. Ilikuwa juu ya friji.

Alipomaliza kuandika, na aliandika polepole, akiuliza Pun, jina la ukoo wao, linaandikwaje, Dilsara linaandikwaje, alibaki ameishika ile kalamu.

"Mtoto," alimwambia Asmi, "nikija mimi kukuchukua, nitachelewa sana. Nitakuwa nyuma ya wote. Utaweza kunisubiri?"

"Nimezoea," alisema Asmi, na Dilsara akamfinya.

"Basi ngoja kwanza tuone kama nitafika. Nisije nikawaandikia uongo."

*

Wakaenda jioni ile ile, jua bado lipo. Bibi Ozeki mbele na kigari chake cha kusukuma, Asmi pembeni yake, Khim na Dilsara nyuma hatua chache, maana bibi alikataa kushikwa. Siku yenyewe, alisema, hakutakuwa na wa kumshika.

Alisimama kwenye duka la mchele. Akasimama tena kwenye mashine ya soda, akajifanya anasoma bei. Kwenye mwinuko wa kivuko cha reli alisimama muda mrefu, mdomo wazi, na Khim akasogea, na bibi bila kugeuka akainua mkono: kaa huko huko. Asmi alikuwa anamsimulia habari za jogoo wa baba mkubwa. Hakuacha kuongea hata mara moja, na bibi hakuacha kuitikia hata pale pumzi ilipokuwa ya kuitikia tu.

Wakafika. Lango limefungwa, Jumapili, uwanja mtupu. Bibi Ozeki aliyashika yale machuma kwa mikono miwili akapumua. Halafu akajiweka sawa kola, akaweka sawa nywele, akaliambia lango, kwa sauti ya mtu aliyepanga foleni na zamu yake imefika:

"Mimi ni Ozeki. Nimekuja kumchukua Asmi."

Tangu waje nchi ile hakuna mtu aliyekuwa amelitaja jina la mtoto wao namna hiyo, kana kwamba ana haki nalo. Dilsara alijifanya anafunga kamba za kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Kurudi ndiko kulikomshinda. Walipovuka reli goti likakataa kabisa, bibi akakaa kwenye kiti cha kigari chake, pembeni mwa barabara, watu wanaosha magari yao wanamwangalia bila kumwangalia. Alisema wao watangulie. Alisema atakuja polepole. Alisema samahani mara nyingi.

Khim alivua koti lake la harusi, akampa mkewe. Akaenda akachuchumaa mbele ya bibi, mgongo umemwelekea, mikono imerudi nyuma. Huko kwao hakuna gari la wagonjwa linalopanda kilima. Mama yake mwenyewe alimshusha hivyo mpaka barabarani.

"Panda, bibi," alisema, kwa lugha ya kwao, na haikuhitaji mkalimani.

Bibi Ozeki alitazama kushoto, akatazama kulia. Alifunika uso kwa kiganja. Kisha akapanda.

Alikuwa mwepesi kama tenga tupu. Asmi akasukuma kigari, Dilsara akabeba koti. Wakaenda. Bibi akasema kitu karibu na sikio la Khim.

"Anasemaje?"

"Anasema samahani yeye ni mzito," alisema Asmi.

Wakapita mashine ya soda. Bibi akasema tena, safari hii kwa kirefu, taratibu, kama anajisemea. Asmi hakutafsiri.

"Na sasa anasemaje?" Khim akauliza.

Asmi alisukuma kigari hatua kadhaa. "Anasema tangu babu afe, anayemgusa ni daktari tu."

Khim alimpandisha kidogo mgongoni, vile mtu anavyoweka mzigo wake vizuri anapojua safari bado. Walipofika kwenye kona ya nyumba yao, hakukata kuelekea kwao. Akaenda moja kwa moja, akaifuata njia ndefu ya kuzunguka.